Tumbo kukaza wiki ya 31, na mengine ya miezi mitatu ya mwisho

Hongera dada, na pole kwa hofu. Umeuliza kama tumbo kukaza na kuachia ukiwa na wiki 31 ni uchungu. Mara nyingi siyo. Mkazo wa namna hiyo hauna mpangilio, na hupungua ukibadili mkao au ukinywa maji. Uchungu wa kweli hautulii kwa kupumzika. Huja kwa vipindi vinavyokaribiana na kuzidi nguvu. Ukikushika huo kabla ya wiki 37, usisubiri, nenda hospitali.

Kiungulia, kukojoa kila mara, mgongo kuuma, usingizi wa kukatika: vyote hivyo vitakuwepo. Lala ubavu, weka mto katikati ya magoti.

Ninalotaka ulishike zaidi ni mtoto kucheza. Utaambiwa kwamba mwishoni hutulia kwa sababu nafasi imebana. Si kweli! Namna ya kucheza inaweza kubadilika, lakini hapaswi kupunguza. Ukiona amepungua kuliko ulivyomzoea, nenda ukapimwe saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane. Usione aibu kwamba unawasumbua wakunga.

Miguu kuvimba kidogo jioni ni kawaida. Ila uso au mikono ikivimba ghafla, kichwa kikiuma sana, macho yakiona ukungu, au ukipata maumivu makali chini ya mbavu, huenda ni presha ya mimba, na hiyo huweza kuleta kifafa cha mimba. Damu ikitoka au chupa ikipasuka, vilevile usikae nyumbani.