Korona Iliponiota Kutu Mikononi: Kwa Wapasuaji Wadogo Mnaoambiwa Mko Nyuma

Wiki iliyopita nimepata meseji ndefu ya kijana mmoja, yuko mwaka wa pili anasomea ubingwa wa upasuaji. Kaanza na "shikamoo dada dokta" afu akamwaga yote kwa mkupuo. Kwamba kipindi cha korona alikuwa interni na muda wake wa upasuaji ukakatwa akapelekwa kwingine, kwamba sasa hivi akikosea thieta mabingwa hawamwiti jina wanasema "nyie wa korona", na kila akishika sindano anahisi macho yote yako kwenye vidole vyake. Mwisho akauliza, dada likija gonjwa lingine kama lile mtu afanyeje asipotee?

Marahaba mdogo wangu. Nilitaka nikujibu mistari miwili tu, nikajikuta nimekaa nayo mpaka usiku wa manane, maana maneno kama hayo nami niliambiwa na kumbe bado hayajapoa.

Mimi Machi 2020 nilikuwa mwaka wa tatu wa ubingwa, ule mwaka ambao mkono unaanza kukutii na bosi anaanza kukuachia kesi huku yeye kakaa kwenye kistuli anajifanya hakuangalii. Tarehe 11 Shirika la Afya Duniani likasema hili sasa ni janga la dunia, na ndani ya siku chache vyama vya wapasuaji na serikali huku na huko wakawa wanasema neno moja: upasuaji wa kupangwa usimame, vitanda na mashine za kupumulia ziachwe kwa wanaokuja, zibaki dharura na zile saratani zisizoweza kungoja. Asubuhi moja naingia thieta nakuta ubao wa listi umefutwa wote. Na nakiri hapa, nilifurahi. Nilikuwa na usingizi wa siku mbili nikasema walau nitalala.

Kazi ya kwanza niliyopewa ilikuwa simu. Nimepewa karatasi ya majina, niwapigie wagonjwa mmoja mmoja niwaambie upasuaji wako umeahirishwa. "Mpaka lini dokta?" Tutakupigia. "Lakini maumivu yanazidi." Tutakupigia. Ulimi ukawa mzito. Kuna baba mmoja wa ngiri, mcheshi, yeye hata hakulalamika, kaniambia hamna shida dokta mimi ikitoka nairudisha mwenyewe kwa mkono, tukacheka nikaweka tiki kwenye jina lake nikaenda kwa mwingine. Miezi kadhaa baadaye analetwa usiku, ngiri imekaba, yaani utumbo umenasa ndani yake na damu haipiti, kakaa nayo nyumbani siku mbili anaogopa kuja hospitali kwa sababu ya korona. Tulipofungua utumbo ulikuwa mweusi. Tukakata kipande, tukaunga, akapona, ila alikaa wodini sana na kile kicheko sikukiona tena. Watafiti wa COVIDSurg, mtandao wa wapasuaji wa nchi nyingi waliochunguza korona na upasuaji, walikadiria kwamba kwa zile wiki 12 mambo yalipokuwa mabaya zaidi, upasuaji kama milioni 28 duniani ungeahirishwa au kufutwa kabisa. Kila nikiiona hiyo namba nasikia "hamna shida dokta".

Sasa hizo dharura zilizobaki nazo hazikuwa zile tulizozizoea. Mgonjwa akiwekewa mrija wa kupumulia sisi wote tunatolewa nje, mnabaki mmesimama koridoni na magauni yenu mnahesabu dakika, 20 hivi mkingoja hewa inayoweza kuwa na virusi itoke, kutegemea hewa ya chumba inabadilika kwa kasi gani, ndo muingie. Barakoa ya N95 imekubana mpaka mfupa wa pua, juu yake barakoa nyingine, juu yake ngao ya plastiki inayopata ukungu ukipumua tu. Wenzetu wanaume walinyoa ndevu za miaka ili barakoa ikae, kuna mmoja tulikuwa hatumjui kwa sura wiki nzima. Kusikilizana hakuna, unaomba mkasi unapewa uzi, tukaanza kuandika majina kifuani kwa maka peni. Kesi ya saa moja inakuwa saa mbili na ushee.

Na ile hofu ya moshi! Mwanzoni hakuna aliyejua kama ile gesi tunayojaza tumboni kwenye upasuaji wa matundu (ule wa kupitisha kamera na vyuma virefu kwenye vitundu vidogo), pamoja na moshi wa umeme wa kukatia, inaweza ikabeba virusi, na kwa tahadhari Uingereza wakashauri kwa muda matundu yaachwe kwa kiasi kikubwa (baadaye walilegeza). Kwetu nako tukarudi kufungua tumbo kama zamani. Kidole tumbo nacho tukaanza kukitibu kwa antibayotiki pale panapowezekana, kwa hofu tu, afu Oktoba utafiti mkubwa wa Marekani ukatoka, watu wazima 1,552, ukaonyesha waliopewa antibayotiki takriban 3 kati ya 10 ndo walikuja kupasuliwa ndani ya siku 90. Yaani saba hawakupasuliwa kwa kipindi hicho. Kwa mgonjwa habari njema, kwa mwanafunzi anayetafuta kesi, we acha tu.

Usiku ambao sitausahau ni mwisho wa Mei, mtu katuma kwenye grupu letu makala ya Lancet, jarida kubwa la tiba: wagonjwa 1,128 waliopasuliwa wakiwa na korona au wakaipata karibu na upasuaji, hospitali 235, nchi 24, na karibu mmoja kati ya wanne alifariki ndani ya siku 30. Grupu ambalo huwa halilali likanyamaza. Kuanzia pale kila nikimwambia mgonjwa "huu ni upasuaji mdogo" nilikuwa najisikia muongo.

Afu nikahamishiwa ICU, wodi ya wagonjwa mahututi. Mpasuaji ICU kazi yake nini? Kugeuza watu. Nilikuwa kwenye timu ya kulaza wagonjwa kifudifudi ili mapafu yapate hewa vizuri, watu sita saba, mtaalamu wa usingizi kashika kichwa na mrija, sisi tunahesabu moja mbili tatu tunamgeuza, anakaa hivyo masaa 16 au zaidi, tunarudi kumgeuza. Kutwa nzima. Ndugu haruhusiwi kuingia, kwahiyo simu ikarudi tena mikononi mwangu, kumshikia mgonjwa skrini ili mkewe aongee naye na yeye hasikii. Miezi iliyofuata haina cha kusimulia, ni hiyo hiyo.

Tuje kwenye kidonda chenyewe. Listi zikarudi, nikapangiwa ngiri. Ngiri, kitu nilichokuwa nafanya huku tunapiga stori! Nikafika kwenye kufunga fundo vidole vikagoma, nikavuta uzi ukakatika, nikaomba mwingine, mkono unatetemeka na kila mtu anauona. Bosi akaniondolea kile chuma cha kushikia sindano mkononi, taratibu, akasema mbele ya manesi na mainterni, "korona imekula mikono ya huyu." Watu wakacheka. Nikabaki nimeshika mkasi wa kukatia uzi mpaka mwisho wa kesi, jasho na machozi ndani ya barakoa hayana tofauti.

Sasa ushauri, maana ndo ulichouliza. Shika uzi kila siku. Nilifunga uzi kwenye kitasa cha droo nikawa nafunga fundo mia kila jioni, kulia, kushoto, macho yamefumba. Kwa mazoezi ya matundu nikatoboa boksi la viatu nikaweka simu juu iwe kamera, ndani naokota punje kwa vyuma virefu vya zamani vya mazoezi nilivyoazima. Wiki tatu hivi mkono ukaanza kukumbuka. Kwahiyo nakwambia tena, uzi kila siku, hata dakika kumi, hata umechoka.

Na sema mapema. Hili mimi sikulifanya na ndo lililoniponza, kuliko hata kutu yenyewe. Ningemwambia bosi asubuhi ile "sijashika kisu muda, naomba tuende polepole" angeweza kunidharau ndiyo, lakini mgonjwa angekuwa salama zaidi, na mgonjwa ndo mwenye tumbo. Sisi wapasuaji tuna kiburi cha ajabu, tunaogopa kuonekana hatujui kuliko tunavyoogopa kuharibu. Huyo anayekuita "wa korona" naye alikaa bila kupasua miezi ile ile, muulize siku yake ya kwanza kurudi ilikuwaje, muone atakavyobadilisha mada. Hakuna aliyetoka mzima kwenye lile jambo, mnasikia? Acheni kuchekana thieta. Mwalimu anayecheka mwanafunzi akitetemeka anamfundisha kuficha, na anayeficha siku moja atamficha bosi damu inayovuja.

Basi nimeanza kuhubiri, samahani. Turudi kwako.

Usidharau ulivyojifunza nje ya thieta. Mimi leo nikiambiwa mgonjwa ana korona au ametoka kuumwa nauliza tarehe kwanza, maana tulikuja kuambiwa kwa takwimu za wagonjwa zaidi ya 140,000 kwamba asiye wa haraka bora angoje angalau wiki 7, japo hiyo ilikuwa kabla chanjo hazijaenea na sasa anaangaliwa mtu kwa mtu. Mashine ya kupumulia siiogopi tena. Na kuongea na ndugu wa mgonjwa kwa simu, kwa kweli, hapo wachache wataniweza.

Nikwambie na hili ingawa litaonekana najisifu. Mwaka huu yule bosi kanipigia mwenyewe, ana ndugu yake ana mawe kwenye nyongo, anataka nimfanyie mimi. Hakutaja ile siku. Sidhani hata anaikumbuka. Nikamfanyia, yeye kasimama nyuma yangu muda wote, na kwenye kushona mwisho nilienda polepole kupita inavyohitajika, fundo moja moja, makusudi kabisa. Kasema "safi" akatoka. Mpaka leo sijui kama nilitaka hiyo "safi" au nilitaka samahani.

Picha za boksi la viatu nimekutumia kwenye ile meseji yako. Tundu la katikati lifanye kubwa kidogo kuliko langu, chuma kinakwama. Na taa weka ndani, usitegemee ya simu.