Mama ana uvimbe kwenye tumbo, je ni roboti tu ndiyo itamwachia tumbo lake?

Swali: Dokta, mama yangu alitapika damu hapa Mbarara, wakampima kwa endoskopi wakakuta uvimbe wa sentimita 4 pale juu chakula kinapoingilia tumboni. Baiopsi (kipande cha uvimbe kilichopimwa maabara) inasema ni GIST, aina ya uvimbe wa ukuta wa tumbo. Tumeambiwa huenda tumbo lote litolewe, sasa ndugu wanataka tuuze shamba tumpeleke India kwa upasuaji wa roboti. Tufanyeje?

Jibu: Poleni sana dada, mpe mama pole zangu. Shamba msiuze kwanza. Kinachoamua kama tumbo litabaki ni aina ya uvimbe, mahali ulipokaa na uzoefu wa daktari, roboti inakuja nyuma ya hayo yote.

Kwa aina mna afadhali. Kansa ya tumbo iliyozoeleka huanzia kwenye utando wa ndani na hukimbilia tezi za limfu, ndo maana tunakata sehemu kubwa pamoja na tezi zake. GIST inaanzia ndani ya nyama ya ukuta na ni nadra kufika kwenye tezi, kwa hiyo tunatoa uvimbe wenyewe na ukingo mdogo wa nyama nzima, tunashona, basi. Ila usipasuke wakati wa kuutoa, maana seli zikimwagika ugonjwa unaweza kurudi na kusambaa tumboni.

Kazi ipo kwenye mahali. Pale umio unapoungana na tumbo kuna vali inayozuia asidi isipande, ukikata vibaya njia inabana chakula hakipiti, au vali inaharibika na mtu anachomwa na kiungulia kila akilala. Kwenye kona kama hiyo roboti inasaidia kweli, na haifanyi kitu yenyewe jamani, daktari anakaa pembeni kwenye konsoli, yaani meza ya kuiendeshea, anaona picha ya 3D iliyokuzwa, mikono yake ndiyo inaongoza vyombo vyembamba vilivyopitishwa kwenye vitundu, na ncha zake zinapinda kila upande kwa hiyo kushona kunakuwa rahisi kuliko kwa laparoskopi ya kawaida (upasuaji wa vitundu na kamera) yenye vyombo vilivyonyooka. Lakini ni ghali, mara nyingi inachukua muda mrefu zaidi, na roboti nyingi hazimpi daktari hisia ya kugusa. Mzoefu wa laparoskopi, hata wa kufungua tumbo, anaweza kuliokoa tumbo hilohilo.

Kitu ambacho sioni mmeambiwa ni imatinib. Ni vidonge, kwa kawaida miligramu 400 kwa siku, mtu anakunywa miezi kadhaa uvimbe unywee halafu ndo anakatwa kidogo. Ombeni baiopsi ipimwe jeni kwanza, kwa sababu GIST yenye badiliko la jeni liitwalo PDGFRA D842V haisikii dawa hiyo. Pelekeni majibu na CT skani Uganda Cancer Institute pale Mulago, muulize wazi: uvimbe uko sentimita ngapi kutoka kwenye vali, na je dawa ianze kabla?

Ikibidi tumbo lote litoke mama ataishi, ila atachomwa sindano za vitamini B12 maisha yake yote, na matooke atakula kidogo kidogo mara nyingi kwa siku.

Haya yote ni kama damu imesimama. Akitapika tena damu au choo kikiwa cheusi cha kunata, mpelekeni hospitali saa hiyohiyo, hata iwe usiku.