Kushusha nyuma ya Land Cruiser yenye springi za vipande

Ndugu, umeeleza kwamba springi za nyuma za Land Cruiser yako ziliongezewa vipande ili ibebe mahindi kutoka Kibaigwa, na sasa, ukiwa unabeba familia tu, ungependa nyuma ishuke sentimita 4.

Anza kwa kuondoa vipande vilivyoongezwa, kwani ndivyo vilivyoiinua. Lakini kamwe usiguse kipande kikuu, yaani kile chenye macho (matundu ya mwisho yanayoingia bushi), kwa sababu ndicho kinachoishikilia ekseli. Fundi akikushauri azipashe springi moto wa gesi ili zilale, mkatalie: chuma hupoteza ugumu wake, na springi hiyo itakatika kwenye makorongo ya Mpwapwa ukiwa mbali na msaada.

Shakeli (vyuma vinavyounganisha ncha moja ya springi na fremu) fupi zaidi nazo hushusha gari, ila ukipunguza sentimita 4 kwenye shakeli, gari litashuka takriban sentimita 2 tu, kwa kuwa badiliko liko upande mmoja wa springi. Zaidi ya hapo, ekseli huinama kidogo na propela shafti (mhimili unaopeleka nguvu kwenye ekseli ya nyuma) inaweza kuanza kutetemeka.

Funga yu-boliti mpya (boliti zenye umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli), maana zilizokwisha kuvutika hazifai kurudiwa, kisha uzikaze tena baada ya kilomita 100 hivi. Kama gari lako lina vali ya breki iliyounganishwa na ekseli ya nyuma kwa fimbo, inayoongeza nguvu ya breki za nyuma kadiri gari linavyoshuka kwa mzigo, irekebishwe siku hiyohiyo, la sivyo vali itadhani gari limebeba mzigo na magurudumu ya nyuma yatajifunga mapema unapokanyaga breki.