Barua kwa mwanangu: Aliyefua jezi mwenyewe

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako nimeusoma nikiwa jikoni, na wali ukashika chini kwa ajili yako. Unasema chuo kimekukabidhi timu ya kikapu ya wasichana, posho yenyewe haitoshi hata nauli, na baadhi ya wachezaji ni rika lako. Halafu ukaniuliza: "Mama, huyo Pat Summitt uliyekuwa ukitutajia kila tulipolalamika mazoezini, kwani alifanya nini hasa?"

Alianzia hapo hapo ulipo. Mwaka 1974 Chuo Kikuu cha Tennessee, kule Marekani, kilimpa timu ya wanawake akiwa na miaka 22, huku bado anasomea shahada ya pili. Wanne kati ya wachezaji wake alikuwa amewazidi mwaka mmoja tu. Mshahara ulikuwa dola 250 kwa mwezi. Jezi alizifua mwenyewe, na kwenye mechi za ugenini usukani alishika yeye. Mechi ya kwanza akafungwa na chuo cha Mercer, 84 kwa 83. Pointi moja! Mimi ningelia wiki nzima.

Kwao ni wakulima, na baba yake hakuwa mtu wa kubembeleza. Lakini shule ya eneo lao ilipokuwa haina timu ya wasichana, mzee huyo alihamisha familia nzima hadi Henrietta ili binti apate pa kuchezea. (Baba yako unamjua: mpaka leo anasema kikapu ni cha kwendea sokoni.)

Alikuwa kocha na bado anacheza. Mwaka 1976 alikuwa kwenye timu ya Marekani iliyopata medali ya fedha Montreal, mara ya kwanza wanawake kucheza kikapu katika Olimpiki. Mwaka 1984, Los Angeles, akairudia Olimpiki kama kocha na kuondoka na dhahabu.

Ubingwa wa vyuo ulikuja lini? 1987. Hesabu: huo ulikuwa msimu wake wa 13. Kisha 1989, 1991, mitatu mfululizo kuanzia 1996 hadi 1998, halafu 2007 na 2008. Jumla minane. Watu hupenda kuusimulia ule wa 1998, timu iliposhinda mechi zote 39. Mimi naupenda wa 1997. Msimu ule walifungwa mara kumi, mashabiki wakaanza kunung'unika, na bado kombe likarudi Tennessee. Timu isiyofungika hata mimi ningeifundisha. Ile iliyofungwa mara kumi ndiyo inayohitaji kocha.

Kwa misimu 38 alishinda mechi 1,098 na kufungwa 208. Alipoacha kazi hapakuwa na kocha wa ngazi ya juu ya kikapu cha vyuo vya Marekani, mwanamume wala mwanamke, mwenye ushindi mwingi kuliko wake. Lakini jambo nililokuwa nikiwatajia nyinyi mkinuna ni jingine: kila mchezaji aliyemaliza miaka yake yote ya kucheza pale alipata shahada. Kila mmoja. Darasani walitakiwa kukaa safu tatu za mbele, na anayetoroka kipindi asitarajie kucheza. Ndiyo maana nilikuwa nikikuuliza alama za hesabu kabla ya kukuuliza mmefungana ngapi.

Ukali wake sitausifia wote. Alikuwa na jicho ambalo wachezaji wake wamelisimulia mpaka wamezeeka. Mwaka 1990, akiwa na mimba iliyokwisha kukomaa, alipanda ndege kwenda Pennsylvania kumshawishi msichana mmoja ajiunge na timu yake. Uchungu ukamshika huko huko. Wakati wa kurudi marubani wakataka kutua Virginia apelekwe hospitali. Akakataa kabisa, kwa kuwa timu ya chuo cha Virginia ndiyo iliyomtoa mashindanoni mwaka ule! Mwanawe, Tyler, akazaliwa Tennessee. Niliposoma habari hiyo mara ya kwanza nilicheka. Nilipojifungua wewe sikucheka tena. Mambo mengine usimuige.

Mwaka 2011, akiwa na miaka 59, alitangaza kuwa ana Alzheimer. Unakumbuka bibi alivyokuwa akikuita kwa jina langu? Ugonjwa wenyewe ni wa namna hiyo. Alifundisha msimu mmoja zaidi, kisha mwaka 2012 timu ikachukuliwa na Holly Warlick, aliyewahi kuwa mchezaji wake kabla ya kuwa msaidizi wake kwa miaka mingi. Alifariki mwaka 2016, akiwa na miaka 64.

Hukuniuliza kama uikubali timu, kwa hiyo sikuambii. Filimbi yangu niliyoitumia kwenye michezo ya sekondari, UMISSETA, naituma kwa basi la Ijumaa. Kamba yake imekatika, utanunua nyingine. Na hizo jezi usizifue kwa maji ya moto, namba zitabanduka.

Mama yako