Sifuri ya Kwanza Usiiamini

Wadogo zangu mnaoanza fizikia pale Mlimani, mnaniuliza sana muanzie wapi ili mfike kwenye supakondakta zenye unene wa atomu chache, yaani vitu ambavyo vikipozwa sana hupitisha umeme bila ukinzani wowote. Anzeni na waya wa shaba.

Pitia Kariakoo, nunua waya mtupu wa milimita 1, ukate mita moja. Upime kwa mita ya fundi umeme. Itasoma labda omu 0.3, na ukibana ncha kwa nguvu namba inacheza. Hapo umepima nyaya za mita na mgusano wake, shaba yenyewe bado. Sasa chukua chanzo cha mkondo cha maabara, pitisha ampea 1 kwa nyaya mbili, halafu kwa nyaya nyingine mbili zinazogusa shaba karibu na ncha, pima volteji. Utaona kama milivolti 22, yaani omu 0.022. Hiyo ndiyo shaba.

Kipimo cha nyaya nne ndicho kinachotegemewa hata kwenye vitu vya ajabu. Mwaka 2018, Pablo Jarillo-Herrero na wenzake wa MIT, Marekani, walilaza tabaka la grafini lenye unene wa atomu moja juu ya jingine, wakalizungusha kwa pembe ya nyuzi 1.1 hivi, na kwenye baridi ya kelvini 1.7 (nyuzi 271 hivi chini ya sifuri ya Selsiasi) ukinzani ukatoweka. Grafini ni kaboni tupu, ileile iliyomo kwenye madini ya kinywe ya kule Mahenge. Hakuna kemikali iliyoongezwa. Ni pembe tu, na volteji ya kurekebisha idadi ya elektroni. Miaka yote hii bado jambo hilo linanisisimua.

Sasa sikilizeni kilichonipata. Nikiwa mafunzoni kwenye maabara moja nje ya nchi, nilipoza sampuli yangu ya kwanza, na kwenye kelvini 6 volteji ikaanguka hadi sifuri. Nilipiga simu nyumbani Ubungo usiku uleule. Asubuhi tukafungua: waya mmoja wa volteji ulikuwa umebanduka, kwa sababu vitu hunywea vikipoa. Nililia, kwa kweli. Tangu siku hiyo, nikiona sifuri nabadilisha nafasi za nyaya za mkondo na za volteji, napima kila jozi peke yake, kisha naongeza mkondo na usumaku taratibu. Supakondakta ya kweli ikizidiwa, ukinzani hurudi. Waya uliokatika hauna habari na usumaku.

Halafu kuna unyevu. Niobiamu daiselenaidi, supakondakta nyingine ya matabaka, ikiwa nene hupoteza ukinzani kwenye kelvini 7 hivi. Ikibaki tabaka moja, ni karibu kelvini 3, na hewa huiharibu haraka. Wanaoishughulikia hufanya kazi ndani ya sanduku la gesi ya agoni na kuifunika kwa boroni naitraidi. Kwa hewa yetu ya Aprili, msijaribu mezani. Jizoezeni kubandua kinywe kwa solotepu kwanza.

Asiye na heliamu ya kupozea sampuli afanye hesabu za elektroni ndani ya vitu hivi kwa Quantum ESPRESSO, programu ya bure ya kompyuta. Hifadhi kazi kila mara, umeme ukikatika usianze upya.

Na ule waya wa shaba urudie mchana chumba kikiwa nyuzi 32, kisha kiyoyozi kikishusha hadi 24. Tofauti ni asilimia 3 hivi. Usipoiona, kagua migusano yako.