Mwanafunzi wa kutwa, mpigie wewe kwanza

Mwaka wangu wa tatu wa kufundisha ushonaji hapa Tanga, nilishuka stendi ya Muheza kununua machungwa, na aliyeniuzia alikuwa mwanafunzi wangu. Aliacha chuo wiki ya sita. Kwenye daftari la mahudhurio nilimwekea alama ya utoro siku baada ya siku kwa kalamu nyekundu, nisinyanyue simu hata mara moja. "Shikamoo mwalimu," akanisalimu, akanichagulia yaliyoiva vizuri. Nilipomuuliza kwa nini hakurudi, alinijibu bila kinyongo: "Nilijua hamtagundua kama sipo."

Kilichomtoa chuo kilikuwa kitu cha kutatulika. Alikosa nauli siku tatu mfululizo. Siku ya nne akakuta wenzake wameshakata sketi, yeye hata vipimo hajafundishwa kuchukua, akaona aibu kuuliza. Ya tano hakuja. Nilimwomba arudi, lakini alikuwa ameshajipatia meza yake pale stendi na mama yake alikuwa anaitegemea.

Tangu siku hiyo, kila Januari tunapopokea wapya, nawapigia simu wa kutwa wote, mmoja mmoja, kabla wiki ya pili haijaisha. Wa bweni wana matroni, wana bwalo, wana wenzao wa kitanda cha jirani. Mmoja akiugua usiku, asubuhi chuo kizima kinajua. Wa kutwa akitoka getini jioni, hakuna ajuaye alikolala wala kama alikula.

Katika kupiga simu hizo nimejifunza kwamba swali la "unaendeleaje?" halifai. Sisi tumelelewa kujibu salama kwanza. Mtoto ana homa, kafiwa, hana shilingi mfukoni, ukimuuliza hali atakwambia nzuri, mwalimu, shikamoo. Basi muulize safari. Leo umetoka nyumbani saa ngapi? Umepanda magari mangapi? Konda kakutoza kiasi gani? Ukirudi, unafikia kazi gani? Hayo hayana aibu, atakusimulia yote. Kijana mmoja wa upande wa Pongwe aliniambia anaamka saa kumi usiku, anatembea hadi barabarani gizani, na akifika Tanga anashukia mbali na chuo ili aokoe nauli ya gari la pili. Nilikuwa nimeshamhesabu kuwa ni mvivu kwa sababu alikuwa akisinzia saa nne. Tulimtafutia mwenzake wa mwaka wa pili mwenye baiskeli, anayepita njia hiyohiyo.

Hilo la wenza wa njia nakuomba ulifanye mapema sana. Siku ya kwanza wapange wapya kwa njia wanazotokea: hawa wa Muheza, hawa wa Pongwe, hawa wa barabara ya Pangani, na kila kundi ulipatie mkongwe mmoja. Yeye ndiye anayejua gari la mwisho linaondoka saa ngapi. Kwa mabinti ni muhimu zaidi, maana wazazi wengi huanza kusita pale binti anapoingia nyumbani baada ya magharibi akiwa peke yake.

Kisha mpigie mzazi, na simu ya kwanza isiwe ya malalamiko. Binti wa bweni ameaga nyumbani. Wa kutwa hajaaga. Kila jioni anaonekana, kwa hiyo ndoo ni zake, vyombo ni vyake, wadogo zake ni wake. Huwa naanza hivi: "Mama, binti yako ana mkono mzuri kwenye cherehani." Husikia sauti yake ikibadilika. Baada ya hapo namwomba, kwa unyenyekevu, siku mbili kabla ya mtihani ampunguzie kazi. Sijawahi kukataliwa.

Miaka hii Ramadhani inaangukia mwanzoni mwa muhula, masika yanafuata. Mazoezi ya karakana yakisogezwa hata nusu saa, wa mbali anafuturia njiani. Mvua ikiharibu barabara, wa kwanza kukosa kipindi ni wao. Nimeomba kabati la kuwahifadhia mikasi na vitambaa ili wasivibebe kwenye mvua, na somo jipya silianzi saa ya kwanza.

Nilifarijika niliposoma habari za vyuo vya jamii vya Marekani, ambako wanafunzi wengi hutokea majumbani kwao. City University of New York ilianzisha mwaka 2007 mpango uitwao ASAP. Mwanafunzi anapewa kadi ya usafiri, vitabu, na mshauri wa kukutana naye mara kwa mara. Utafiti uliotolewa mwaka 2015 ulionyesha kuwa ndani ya miaka 3 asilimia 40 ya waliokuwa kwenye mpango walihitimu, na kwa wenzao wasiokuwamo ni asilimia 22. Wao wana fedha za kulipa hizo kadi, sisi hatuna. Lakini mtu wa kumjua mwanafunzi kwa jina tunaye.

Kikundi cha WhatsApp kisikudanganye. Wengi wana simu za kitochi, na wenye simu kubwa hawana bando kila siku. Kikundi ni cha matangazo. Aliyekosa nauli hatajitangaza mbele ya watu hamsini.

Orodha ikiwa ndefu na vocha ni kidogo, anza na anayekaa mbali kuliko wote. Mpigie baada ya isha, akiwa ameshafika, ameoga na kula. Akishaeleza habari za njiani, nyamaza kidogo kabla ya kukata. Mengi niliyoyajua yalitoka hapo.