Usinunue hicho kisu, angalia loki kwanza

Mkuu, acha. Usinunue hicho kisu. Nimeona picha yako na kidole kimeanza kuniuma, na siyo kwa mafumbo, kinauma kweli, siku za baridi ndiyo tabia yake.

Kwa wanaoingia uzi huu sasa hivi: mwenzetu anatafuta kisu cha kukunja cha kutembea nacho kila siku, cha kufungulia maboksi, kukatia kamba na kumenyea tunda. Ameuliza chuma kipi kizuri, bapa liwe na urefu gani, makali yawe ya meno au yaliyonyooka, na anolee nini. Kisha akabandika picha ya anachotaka kununua: cheusi tii, kina springi ya kurusha bapa, nusu ya makali ni meno, kitako kina ncha ya kuvunjia kioo cha gari, na ubavuni pameandikwa 440, namba ya aina ya chuma. Mimi nilikuwa nacho. Kama siyo hichohicho, basi ni pacha wake.

Nilikinunua kwa sababu ya video. Jamaa kakaa mezani na mwanga wake mzuri, anachana karatasi nyuzi nyuzi, ananyoa malaika ya mkono, anakata kamba hadi meza inajaa vipande. Dakika kumi na nane. Kuhusu loki, kile kinachozuia bapa lisijikunje likiwa wazi, alisema maneno matatu tu, "loki iko imara", akakunja, akakunjua, tak, akahamia kwenye rangi ya mpini. Rangi ya mpini ilipewa dakika nne nzima! Muuzaji naye akaniapia kwamba hicho ni chuma cha upasuaji. Huyo sasa hivi simlaumu sana, maana kweli kilinifikisha chumba cha upasuaji.

Na hilo jina "chuma cha upasuaji", ukilisikia dukani jua huyo mtu hajui anachouza, au anajua sana. Kisu cha daktari kinatumika kwa mgonjwa mmoja bapa linatupwa. Wewe unataka bapa la miaka. Hiyo 440 nayo bila herufi mbele yake haikwambii kitu: 440A ina kaboni kama asilimia 0.60 hadi 0.75, 440C inafika 0.95 hadi 1.20, na hivyo ni vyuma viwili tofauti kwenye kinoo. Aliyeweka C kwenye kisu chake hawezi kusahau kuiandika. Ataiandika kubwa kuliko jina la kiwanda.

Lakini chuma hakikunikata. Chuma kibovu kinachosha tu, unanoa Jumatatu, Alhamisi kimekufa. Kilichonikata ni loki.

Ilikuwa hivi. Nilikuwa nimepungua mwili (nicheke kidogo hapa), mkanda ukawa mkubwa, nikataka kuongeza tundu. Nikaulaza kwenye kigoda, nikasimamisha ncha ya kisu juu ya ngozi, nikashika mpini kwa ngumi na kuanza kugandamiza huku nazungusha, kama mtu anayefungua kopo. Ngozi ilikuwa ngumu. Nikaegemea. Ncha ikazama kidogo, ikang'ang'ania, mkono ukainama upande, na nguvu yote ikahamia kwenye mgongo wa bapa. Sikusikia hata mlio. Bapa lilijikunja kwenye kidole cha shahada, upande wa meno, yale meno niliyoyalipia nyongeza.

Damu haikuwa nyingi kama unavyodhani. Nilichokiona ni kwamba kidole kimenyooka na hakikunjiki. Nakiambia kunja, kimetulia, kama si changu. Kano inayovuta ncha ya kidole ilikuwa imekatika. Daktari alipasua hadi kwenye kiganja kuitafuta, maana kano ikikatika inarudi ndani kama kamba ya suruali iliyoponyoka. Baada ya hapo banzi wiki sita, kisha miezi ya mazoezi ya kukunja kidole mbele ya mtu anayekwambia "bado kidogo". Hadi leo pingili ya mwisho inafika nusu tu. Simu naibonyeza kwa kidole cha kati, kwa hiyo ukiniona barabarani usidhani nakutukana.

Na mwili ulirudi. Lile tundu la mkanda silihitaji.

Sasa sikiliza hapa, maana hapa ndipo nilipokuwa mjinga, siyo kwenye mkanda. Wiki moja kabla, kisu kilishaniambia. Nilikuwa nacho mkononi, wazi, nikagusa mgongo wa bapa na dole gumba, nikasikia kinacheza. Juu na chini, kidogo sana, kama jino la mtoto linaloanza kulegea. Nikachukua bisibisi, nikakaza skrubu ya katikati, kikawa kigumu kufungua, nikaridhika. Nilidhani nimetengeneza. Mkuu, bapa likicheza kushoto na kulia, hiyo ni skrubu, unakaza na yanaisha. Likicheza juu na chini ni loki haishiki, na hakuna skrubu ya kuikaza. Ningelijua hilo tu, ningekuwa na vidole kumi vinavyofanya kazi. Jamaa wa video hakulisema. Maelekezo kwenye boksi hayakulisema. Boksi lilikuwa na picha ya fuvu.

Visu vya aina ile vinabanwa na ulimi wa bati ndani ya mpini. Ukifungua, ulimi unachomoka pembeni na kusimama nyuma ya kisigino cha bapa, yaani kitako chake kilicho ndani ya mpini, unalizuia lisirudi. Fundi Mmarekani Michael Walker ndiye aliyeutengeneza huo mtindo ulivyo leo, miaka ya 1980 mwanzoni, na ukitengenezwa vizuri unafanya kazi vizuri mno. Sitaki mseme nausema vibaya. Shida ni kwamba ni loki nyepesi kuiga na ngumu kuipatia. Uso wa kisigino unachongwa kwa mteremko wa digrii chache tu. Mteremko ukizidi, ulimi unateleza. Ukipungua, unanata, unahitaji koleo kufunga kisu. Na ulimi wangu ulikuwa unashika ukingoni tu, upana wa ukucha. Kila siku nilikuwa narusha lile bapa mara hamsini kwa kujifurahisha, tak tak tak mbele ya televisheni, na kila tak ilikuwa inaula ule ukingo. Springi inarusha kwa nguvu kiasi kwamba mlio unakuwa mtamu hata loki ikiwa imeoza. Ule mlio ndio niliokuwa naupenda!

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja na nitairudia hadi mnichoke: loki kwanza, kingine chochote baadaye. Usiangalie bapa. Kifungue, kigeuze, tazama kwa juu pale ulimi unapokutana na kisigino. Unataka uso wa ulimi uwe umeingia wote, au karibu theluthi hadi nusu ya unene wa kisigino umefunikwa. Ukiona umegusa kipembeni, rudisha mezani. Kisha kifungue polepole kabisa, bila kurusha, uone kama kinafunga vilevile. Vibovu vingi vinafunga ukivirusha tu. Kisha vidole vyote viwe nje ya njia ya makali, yaani ushike mpini kwa pembeni tu, ugonge mgongo wa bapa taratibu kwenye ukingo wa mbao, siyo kwa hasira, kama unayebisha hodi. Kikijikunja, umejua ukiwa na vidole vyako. Mwisho ushike kama unavyoshika ukifanya kazi, uukaze mkono na kuupinda kidogo, uone kama nyama ya kidole inausogeza ulimi. Kwa wengine inausogeza. Muuzaji akikukatalia hayo, muage.

Kama unataka ulimi mnene zaidi, kuna vile ambavyo ulimi ni ukuta wenyewe wa mpini, ukikaza mkono ndivyo unavyozidi kuusukuma ushike. Chris Reeve wa Afrika Kusini ndiye aliyeanzisha, na kisu chake anakiita Sebenza, Kizulu hicho, maana yake kufanya kazi. Kuna loki ya mgongoni, ile unayobonyeza kwenye mgongo wa mpini, kama Buck 110 ya tangu miaka ya 1960. Nzito, imezeeka, haifunguki kwa mkono mmoja kirahisi, na ningekuwa nayo siku ile ningeimba. Kuna Opinel ya Ufaransa, mpini wa mbao na pete ya chuma unayoizungusha kwa vidole kulifunga bapa, pete imewekwa tangu 1955. Haina springi, haina tak. Jamaa wa video hawezi kuipa dakika kumi na nane.

Na kuna visu visivyo na loki kabisa, kama vile vyekundu vya Uswisi vya Victorinox. Watu wanavicheka. Mimi natembea nacho sasa hivi. Kisu kisicho na loki hakikuahidi kitu, kwa hiyo mkono wako wenyewe unakuwa na adabu, hugandamizi ncha, husukumi mgongo. Kile changu cheusi kiliniahidi. Uingereza hata sheria iko upande huo: cha kukunja kisicho na loki chenye makali yasiyozidi inchi 3 unatembea nacho bila maelezo, ukiweka loki tu unaulizwa sababu. Ya kwenu isome mwenyewe.

Mkuu mmoja hapo juu ameandika "nunua S30V ulale usingizi". Chuma kizuri sana, sibishi, kinakaa na makali muda mrefu na hakishiki kutu haraka. Kwenye loki ya bati laini kitakukata kano kwa usafi zaidi, basi. D2 nayo ameitaja mtu, hiyo ni ngumu ila ina kromu, ile inayozuia kutu, kama asilimia 12 na nyingi imefungwa kwenye kaboni, ukimenya limau ukaiweka mfukoni bila kuifuta utaiona na madoa. Ifute.

Meno? Usichukue meno. Nimeshakwambia kwa nini, na daktari aliyenishona aliniambia angependelea jeraha la kisu kilichonyooka.

Uliuliza na urefu, na kunoa, na kitu kingine nimekisahau, nadhani klipu ya mfukoni. Wengine watakujibu, humu kuna watu wanaongelea vinoo kama wachumba. Wewe nenda pale dukani, omba ukifungue hicho cheusi, piga picha kwa juu panapokutana ulimi na kisigino, siyo ya bapa tena, bapa tumeliona, uilete hapa kabla hujatoa pesa.